Siku ya Kubeba Nyumba ya Darma

Darma alipokata simu Ijumaa ile, aliichukua sufuria ya wali aliyokuwa ameshaiosha, akaiosha tena. Akaisuuza, akaigeuza, akaiosha mara ya tatu. Nikamwambia, Kak, hiyo imetakata tangu mwanzo.  Alisugua mpaka nikaogopa ataitoboa.

Kak ni dada mkubwa kwa lugha ya kwao Indonesia. Alikuwa amenipita miaka kumi na miwili, na mimi nilipofika Doha mwanzoni mwa 2012, yeye alikuwa ameshakaa miaka minane. Tulikuwa wawili katika nyumba moja ya Al Wakrah: yeye jikoni, mimi na watoto na nguo za kupiga pasi. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu cha jikoni, chenye maneno labda mia mbili, lete, peleka, safisha, khalas yaani basi, na kwa maneno hayohayo tulisimuliana habari za watoto wetu, tukagombana, tukapatana. Haya ninayoyaandika aliyasema hivyo, vipande vipande. Mimi nimeunganisha tu.

Simu zetu Madam, mwajiri wetu, alizifungia kwenye droo chumbani kwake wiki nzima. Ijumaa asubuhi alizitoa, akatupa, akarudi kulala, na nyumba yote ililala hadi karibu na swala. Saa mbili asubuhi yetu ilikuwa saa saba mchana kijijini kwa kina Darma. Huo ndio wakati niliozungumza na mwanangu Stacy, miaka mitatu, ambaye kila mara aliniuliza kwanza kama nimekula. Ijumaa ile sikumpigia. Nilikaa nikimtazama Darma na sufuria yake.

Mwishowe akasema, "Baso ameuza."

Baso ni mdogo wake, wa tumbo moja. Ardhi aliyouza ni ya marehemu mama yao, kipande cha pwani kwenye ghuba moja kule Sulawesi, chenye kisima na minazi, na juu yake ilisimama nyumba ya Darma. Niliijua nyumba ile kuliko nyumba nyingi nilizowahi kuingia. Alikuwa na picha yake ndani ya kasha la simu: ya mbao tupu, imeinuliwa juu ya nguzo ndefu kupita kimo cha mtu, rangi ya buluu, madirisha saba. Chini yake watu walishonea nyavu na kuegesha pikipiki. Binti yake Rosmini aliishi humo pamoja na mama mkubwa wa Darma, mjane asiye na mtoto, ambaye nyumba yake mwenyewe iliyokuwa juu kidogo, kando ya barabara, ilikuwa imeoza ikaanguka. Kila mbao ya nyumba ile ya buluu ilitoka katika mshahara wa Darma wa jiko lile la Doha.

Mnunuzi alitaka kuchimba mabwawa ya kufuga kamba. Tingatinga lingefika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Baso alikuwa amemwambia mama mkubwa ahamie kwake na mtoto, wabebe nguo na vyombo.

Nilikasirika. Lakini niseme kweli, siku zile za kwanza sikumkasirikia Baso. Nilimkasirikia Darma.

Mimi ni mtu wa Kilifi. Nilizaliwa katika nyumba ya udongo na makuti juu ya ardhi ya mtu ambaye hatukuwahi kumwona uso. Baba alipanda minazi, akachimba choo, akazika watoto wawili pale. Nilipokuwa na miaka kumi walikuja na tingatinga, na kabla ya saa sita mchana nyumba yetu ilikuwa rundo la udongo. Tuliondoka na mlango na mabati manne ya jikoni. Baadaye sana, nikisoma madarasa ya jioni ili nimalize kidato cha nne, mwalimu alitueleza sheria: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Nililia darasani, wenzangu wakadhani ni mimba. Kwa hiyo Jumatatu, Darma akikata vitunguu nami nikipiga pasi kanzu za Baba mwenye nyumba, nilimwambia yote. Nilimuuliza ni mjinga wa aina gani anayejenga miaka minane bila hati. Nilimwambia hata mtoto anajua huwezi kujenga kwenye kiwanja kisicho na jina lako. Nilimwambia Rosmini atalala wapi.

Aliweka kisu chini. Nilidhani atanipiga.

"Ardhi ni ya Baso, auze," akasema. "Nyumba ni yangu. Nyumba itaondoka."

"Itaondoka wapi?"

"Itaenda kando ya barabara, kwa mama mkubwa."

"Na itaendaje, Kak? Kwa miguu?"

"Ndiyo. Kwa miguu ya watu."

Nikacheka, kicheko kibaya. Nilifikiri akili imemruka. Akanivuta mkono hadi ukutani, akachukua kipande cha mkaa wa bukhuri, akachora kwenye kigae cheupe cha Madam. Nguzo, halafu mianzi mirefu iliyofungwa nguzo kwa nguzo, usawa wa bega. Halafu vijiti vingi, wanaume. Kwao, alisema, nyumba si kitu cha ardhini. Ni mali kama kitanda. Mtu akihama, anahama nayo. Ijumaa baada ya swala wanaume wa kijiji wote wanaingia chini ya mianzi, mzee mmoja anahesabu, nyumba inanyanyuka nzima, na paa lake, na mapazia. Hakuna anayelipwa. Mwenye nyumba anapika, wote wanakula kwenye chungu chake, na hayo ndiyo mapatano. Mwanamume aliyebaki nyumbani siku ya kubeba, siku yake ikifika atakaa peke yake.

Nilikitazama kile kigae mpaka pasi ikaanza kunuka. Nilimfikiria baba yangu na mabati yake manne.

"Basi mwambie mama mkubwa aite watu," nikasema. "Leo."

Hapo uso wake ukabadilika, na ndipo nikajua kuna kitu hakuniambia. Zamani nguzo za nyumba zao zilisimama juu ya mawe bapa, zimekaa tu kwa uzito wake. Lakini miaka mitatu nyuma, Madam alipoweka marumaru mpya sebuleni, Darma aliona aibu nyumba yake kusimama juu ya mawe kama banda la kuku. Akamwagiza Baso amimine simiti, azamishe nguzo zote ndani, apige sakafu ya kung'aa. Baso akafanya kama alivyoagizwa. Sasa mnunuzi anasema nyumba imeshikamana na ardhi, na ardhi ameinunua.

"Mimi nilitaka kama hii," akasema, akiikanyaga sakafu ya Madam kwa kisigino. "Hii takataka."

Jumanne niliomba simu. Nilimweleza Madam kwa adabu zote kwamba Darma ana tatizo la nyumbani, dakika kumi tu. Madam hakuwa mtu mbaya wa kupiga, sitamsingizia. Alikuwa anachagua vitasa vya milango ya fleti yao mpya kule The Pearl, vimetandazwa mezani, vya dhahabu na vya fedha. Akasema simu ni Ijumaa, akaniuliza mimi napenda vipi. Nikamwonyesha vya fedha. Nikatoka moja kwa moja hadi langoni.

Dereva wetu Nahashon, Mkenya mwenzangu, alikaa chumba cha langoni na simu yake alikuwa nayo. Nilimwambia nipe.

"Peninah, we unataka nipoteze kazi juu ya nyumba ya mtu wa Indonesia?"

"Nyumbani kwenu Nyahururu kuna nani?"

"Mama. Sasa mama ameingiaje hapa?"

"Kesho wamwambie atoke abebe nguo na vyombo."

Akanitazama, akasema wanawake wa pwani mdomo wao ungetosha kuendesha lori, akanipa. Alisimama mlangoni akijifanya anafuta vioo vya gari wakati Darma amekaa kitandani kwake akizungumza na mama mkubwa. Sikuelewa neno, lakini sauti ya mama mkubwa ilikuwa kavu, ya mtu asiyependa kupoteza muda. Darma akanifasiria: watu wataitwa. Shida ni simiti. Kuivunja kwa nyundo ni kazi ya wiki mbili, na hawana wiki mbili.

Nikasema, "Wakate nguzo. Juu ya simiti. Simiti abaki nayo mnunuzi, hiyo ndiyo imeshikamana."

Darma alinigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuelekezewa na mtu yeyote. Katikati ya nyumba yao, alisema, kuna nguzo moja inayoitwa kitovu. Ndiyo inayosimamishwa kwanza, mwenye nyumba akiwa ameishika. Akizaliwa mtoto analazwa hapo, akifa mtu anaagwa hapo. Ile yake, iliyotoka nyumba ya zamani ya wazazi, ilikatwa na baba yake mzazi mlimani, akaiburuza siku nne. Nani anakata kitovu cha nyumba kwa msumeno? Mimi najua nini, mtu wa nyumba za udongo?

Maneno hayo yaliniuma na bado yananiuma kidogo. Lakini sikunyamaza. Nilimwambia udongo wetu ungekuwa na nguzo za kukata tungezikata kwa meno. Nilimwambia nguzo fupi ni nguzo.

 Kwenye simu mama mkubwa alimwita Darma mara mbili, akauliza tunagombania nini, Darma akamwambia. Kisha akaeleza jambo ambalo Darma alinifasiria polepole: kitovu hakikatwi na fundi wala na jamaa, mpaka mwenye nyumba atamke mwenyewe, kwa sauti, mashahidi wasikie. Asipotamka, hakuna mwanamume kijijini atakayeshika msumeno.

Darma akaomba mama mkubwa aite majirani. Tulisubiri. Nje Nahashon alikuwa amefuta kioo kilekile hadi kikalia. Kisha Darma akasimama wima katikati ya kile chumba, na viatu vya dereva chini na kalenda ya benki ukutani, akatamka ruhusa kwa maneno matatu au manne. Akakaa. 

Mimi nikashika simu kabla haijakatwa. Nilimwambia Darma amfasirie mama mkubwa: kile kiwanja cha kando ya barabara, kiandikwe. Karatasi, jina kamili la Darma, Darmawati, dole gumba la mama mkubwa, mashahidi wawili wasio ndugu. Leo, si baada ya kubeba. Mama mkubwa aliuliza huyo anayefoka ni nani. Darma akamjibu, mdogo wangu wa Kenya. Mama mkubwa akasema mdogo wako ana akili kukushinda. Hilo nalo Darma alilifasiri, huku amenuna.

Ijumaa tulikabidhiwa simu zetu saa mbili kasorobo. Nyumba ililala. Tulipanda darini, kwenye kamba za nguo, ambako mtandao ulishika vizuri na ambako mtu akija tungesikia mlango wa chuma. Darma aliweka simu kwenye spika juu ya kapu la nguo mbichi. Mama mkubwa alikuwa na simu upande wa pili, na nyuma yake sauti za watu, kuku, mtu akigonga mti, Darma akinifasiria yote.

Nguzo zote zilikuwa zimekatwa, ishirini, alfajiri hiyohiyo, na kuwekewa magogo kwa muda. Kitovu kilikatwa mwisho. Mianzi imefungwa. Wali wa nazi na samaki viko mekoni kwenye kiwanja kipya. Ila wanaume hawatoshi.

Nyumba ile ilihitaji watu themanini. Waliokuja baada ya swala walikuwa sitini na kitu, na wengi wazee. Vijana wako Malaysia kwenye michikichi, wako Saudia, wako kwenye meli. Darma alisema hivyo bila kunitazama, na sote wawili tulikuwa juu ya dari ya watu huko Qatar tukianika shuka zao.

Mzee akahesabu. Tukasikia pumzi za watu wengi kwa pamoja, mbao zikalia, halafu kishindo. Pembe moja imegoma. Ile ya upande wa bahari, yenye jiko, nzito kuliko zote. Wakajaribu tena. Kishindo. Mtu akatukana, wengine wakacheka kwa uchovu. Mama mkubwa akasema wakishindwa mara ya tatu watavunja mbao moja moja, na kufikia kesho tingatinga likija nusu yake itakuwa bado imesimama.

Kisha kelele zikatulia ghafla. Darma akauliza kuna nini. 

"Baso amekuja," mama mkubwa akasema. "Na watu wa boti yake. Kumi na sita. Wanataka kuingia chini ya mianzi."

Uso wa Darma ulikuwa kama wa mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Alisema la. Alisema la mara nyingi, kwa lugha yake, kwa Kiarabu, hata kwa Kiswahili nilichomfundisha. Alisema bega lile lisiguse nyumba yake. Alimlisha yule mtoto kwa mkono wake baba yao alipofia baharini, alimsomesha, alimnunulia injini ya boti hiyohiyo, naye akaweka sahihi ya kuuza akijua Rosmini amelala humo ndani. Sasa anataka kubeba ili kijiji kiseme ameshiriki, ili Ijumaa yake ikifika naye abebewe. Hapana. Waivunje mbao moja moja. Iliwe na tingatinga.

Nilikuwa upande wake. Hasira yake ilikuwa hasira yangu, na ningependa kumwona Baso akirudi nyumbani na mabega yake makavu, kijiji kizima kikimtazama. Lakini nilisikia pale nyuma mtoto wa kike akimuuliza bibi kitu, sauti nyembamba, na sikuhitaji kufasiriwa kujua kwamba ni Rosmini.

Nikasema, "Kak. Nyumba kwanza."

"Wewe nyamaza."

"Sinyamazi. Mchukie kesho. Mchukie miaka ishirini, nitakusaidia. Leo nyumba."

Akashika kamba ya nguo kwa mikono yote miwili. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Chini, kwenye ua wa jirani, mashine ya maji ilikuwa ikinguruma. Nilihesabu kimya kimya, sijui kwa nini, nikafika arobaini.

"Abebe," akasema kwenye simu. "Mweke pembe ya jiko. Na akimaliza, asile."

 Baadaye tu nilielewa uzito wa neno hilo. Kubeba bila kula ni kubeba kama punda. Ni kazi imechukuliwa na mapatano hayakufanyika. Mama mkubwa aliuliza kama amesikia sawasawa. Darma akarudia, polepole, kwa sauti ya kufika kwa watu wote: abebe, asile.

Naye Baso akaingia chini ya mianzi. Aliambiwa mbele ya watu wote, akaingia. Hilo nampa.

Mzee akahesabu. Safari hii hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na ukelele mmoja mrefu wa watu themanini, na nyayo, nyayo nyingi sana, na mama mkubwa akikimbia pembeni na simu, akitweta, akitangaza: imepita kisima. Imepita minazi. Imekwaruza paa kidogo, si kitu. Iko barabarani, pikipiki zimesimama. Darma hakulia. Alikuwa anatembea. Alitembea kati ya shuka zile, hatua fupi fupi, mabega yameinuka, mpaka mwisho wa dari na kurudi, nami nikamfuata nyuma kama mjinga.

Ilipowekwa juu ya mawe mapya ilikuwa fupi kwa mkono mmoja. Mama mkubwa alisema Rosmini anaweza kuruka kutoka barazani bila ngazi. Watu wakashangilia, wakaenda kwenye vyungu. Tukasikia sahani.

Kisha sauti ya mwanamume karibu kabisa na simu, imekauka. Alimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo sikuwahi kulisikia na Darma hakunieleza. Alisema ameumia bega. Alisema haombi wali. Maji tu, dada. Mama mkubwa ameifunika hata ndoo.

Darma aliinama juu ya kapu la nguo, mdomo karibu na simu.

"Maji ni ya kisima," akasema. "Kisima umekiuza."

Akakata.

Tulimaliza kuanika. Nilimhurumia Baso kidogo, sikuthubutu kusema, na nadhani Darma alijua kwa sababu alinipokonya shuka mkononi na kuitundika mwenyewe, akiinyoosha kwa kuipiga. Madam akaita chini. Wageni sita wa chakula cha mchana. Tukashuka, tukaosha mikono, akaanza vitunguu nami nikaanza kuchambua mchele. Alikata vitunguu kilo mbili kwa kisu kilichogonga ubao kama nyundo.

Tulipokuwa tunapakua ndipo akageuka, kijiko kikubwa mkononi, bado amekunja uso, akaniuliza kama nilisikia mlango umeelekea wapi. Baharini au barabarani.

Sikuwa nimesikia. Simu zilikuwa zimesharudi kwenye droo. Akasema mama mkubwa hajui kupanga vitu, atakuwa ameiweka imetazama barabara, pikipiki zote zimwone mtoto. Akaendelea kulalamika juu ya mlango ule hadi Jumatano.